Refa Aliyekaa Mbele ya Ukuta

Editha Haule alikuwa na mapafu ya kukimbia mechi mbili mfululizo, na sheria za mpira alizijua hadi vile vifungu ambavyo waamuzi wengi huvisoma siku ya mtihani tu. Asubuhi alifundisha shule moja ya msingi pale Mwananyamala. Jioni na mwisho wa wiki alipuliza filimbi kwenye mechi za mchangani, kuanzia Kinondoni mpaka Temeke, na watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga darasa lake. Miguu haikuwa shida. Macho hayakuwa shida. Shida yake ilikuwa kichwani.

Akishapuliza, uamuzi haukumtoka. Akisema ni kona na upande mmoja wa uwanja ukazomea, alikimbia kuelekea kwenye kona hiyohiyo huku akijiuliza: hivi ilikuwa kona kweli? Mpira ulimgusa nani mwisho? Wakati bado anajiuliza, mpira mwingine umeshachezwa mbele ya pua yake na yeye hakuuona. Nyumbani mambo yalikuwa vilevile. Mumewe Gibson, karani wa bohari moja huko Temeke, alizoea kumkuta amesimama jikoni na mwiko mkononi, wali unashika ukoko, macho yako mbali.

"Mama Asifiwe, uko mechi gani saa hizi?" alimuuliza.

"Ile ya Jumapili."

"Ya Jumapili iliisha Jumapili."

Lakini kwake haikuisha.

Mambo yaliharibika kwenye robo fainali moja, Kinondoni. Timu inayoitwa Kokoto FC ilifunga bao, mshika kibendera akainua, Editha akalikataa: mfungaji ameotea. Uwanja uliwaka. Vijana wa bodaboda waliojipanga nyuma ya goli walipiga resi mpaka moshi ukafunika nyavu, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya tarumbeta akapaza, "Nenda kapike, mama! Mchuzi unaungua!" Editha alicheka kwa nje. Ndani alianza kulitafuna lile bao. Alilitafuna nusu saa nzima, na zilipobaki dakika chache, mchezaji wa Kokoto alianguka kwenye boksi kana kwamba amesukumwa na upepo. Editha akapuliza. Penalti.

Kabla mlio haujaisha alijua kwamba hapakuwa na kosa. Alikuwa anafidia. Kwa watu wa filimbi hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, kulipa shaka ya mwanzo kwa uongo wa mwisho. Kokoto walifunga, wenzao wakatolewa, na katibu wa mashindano, bwana mmoja mpole anayeitwa Gervas, akamvuta pembeni.

"Pumzika kidogo, Mwalimu. Hatujakufukuza. Pumzika tu."

Wiki hiyohiyo mama yake Editha alituma maharage kwa basi kutoka Mbinga. Sehemu yake, na sehemu ya Sista Flaviana, binti wa kijiji chao aliyeingia utawani zamani, ambaye sasa alikuwa Kawe akiwatunza wazee katika nyumba ya masista. Editha hakuwa na hamu ya kumwona mtu yeyote, ila maharage ya mama hayakai siku mbili bila kufikishwa. Alibeba kiroba chake akaenda.

Alimkuta Sista barazani, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, amekaa kwenye kigoda akimkata kucha mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, Amina. Wewe ni wa kwa Haule, hilo paji la uso halijifichi. Kaa, mwanangu. Huyu ni babu Kornelio, fundi wa vinyago kutoka Masasi."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," mzee alijibu, kisha akamgeukia Sista kwa wasiwasi. "Basi la Masasi limeshapita?"

Sista aliacha kucha, akamtazama usoni. "Hatujaliona bado, babu."

Mzee akatulia. Kucha mbili baadaye akauliza tena, "Basi la Masasi limeshapita?" Sista akaacha kukata, akamtazama, akamjibu. Ikaja mara ya tatu, na ya nne, na Editha akapoteza hesabu. Kilichomshangaza hakikuwa uvumilivu. Wavumilivu alishawaona, wanaouma meno na kutabasamu. Hapa hapakuwa na meno yaliyoumwa. Sauti ya Sista haikuwa na uchovu wala ile tamutamu ambayo watu huwapa watoto na wagonjwa. Kila mara alijibu kama mtu aliyeulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza, na kila mara uso wa mzee ulipata nafuu ya kweli.

"Sista, huchoki?" Editha alinong'ona.

"Kuchoka nachoka, miguu hasa. Lakini lile swali la kwanza nilishalijibu, limeisha. Hili analouliza sasa ni lingine."

Editha aliacha kutazama kucha, akamtazama Sista. Mbele yake palikuwa na mtu anayefanya kwa utulivu kile kilichomshinda yeye uwanjani. Akajikuta anamsimulia yote, bao, moshi wa bodaboda, penalti ya upepo. Alitarajia kuambiwa akasali. Sista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yule wa Kokoto, ni kweli alikuwa ameotea?"

"Sijui, Sista. Mpaka leo sijui."

"Mh. Njoo Jumamosi asubuhi. Vaa gauni pana au suruali ya mazoezi."

Jumamosi ndipo Editha alipojua habari yenyewe. Sista Flaviana alikuwa ameishi Japani miaka mingi, akilea wazee. Huko alikutana na padri mmoja wa nchi ile aliyekuwa anakwenda kukaa na watawa wa Kibudha, wale wa njia inayoitwa Zen, na padri huyo akamfundisha. Baada ya kurudi, Sista aliomba chumba cha nyuma ambacho zamani kiliwekwa vitanda vibovu, akakisafisha, akapanga mito sakafuni. Siku hiyo walikuwa watu wachache: nesi, mama mwenye duka la vitambaa, kijana wa benki.

"Sie wengine tunaogopa kidogo," Editha alisema. "Hii si dini ya watu, Sista?"

"Ni ya watu, na wameitunza kwa heshima karne nyingi. Siwezi kusema ni yangu. Nilikaribishwa kunywa maji kwenye kisima chao, nikanywa, nikabaki Mkatoliki, kiu ikapungua. Mkuu wangu anajua. Angekuja naye, ila magoti yanamkatalia."

Mafundisho yalikuwa mafupi mpaka Editha akadhani amefichwa kitu. Kaa mgongo wima. Tazama ukuta. Hesabu pumzi, moja mpaka kumi, kisha anza upya. Ukijikuta umepotea, usijigombeze, rudi kwenye moja.

Kengele ndogo ikalia. Editha akahesabu moja, mbili, na kwenye tatu tayari alikuwa Kinondoni. Bao lilifungwa. Kibendera kiliinuka. Akarudi moja. Mbili. "Nenda kapike, mama!" Akarudi moja. Mguu ukafa ganzi. Inzi akamtua shavuni. Alimaliza kikao kizima bila kufika tano hata mara moja, akainuka amekasirika kuliko alivyoingia.

Baadaye walikunywa chai, na yeye akasimama kwenye karo kuosha vikombe. Sista alikuja na kitambaa cha kufutia.

"Hicho ulichokiosha sasa hivi kilikuwa na maua ya rangi gani?"

Editha alitazama mikono yake. Hakujua. Hakujua hata kama kilikuwa na maua.

"Kilikuwa cheupe kitupu," Sista akasema, akacheka mpaka akashika ukingo wa karo. "Usinune, bwana! Mie nilikuwa hivyohivyo. Yule padri aliwahi kuniuliza nimeweka chumvi ngapi kwenye supu. Nilikuwa sijaweka kabisa. Nilikuwa nimeweka sukari."

Kicheko hicho ndicho kilichomrudisha wiki iliyofuata. Kama Sista angekuwa mtu wa kunyoosha kidole na kusema kwa mafumbo, Editha asingekanyaga tena. Lakini huyu alikuwa mtu wa kucheka, mtu anayemenya mihogo taratibu kana kwamba kila muhogo una jina lake, na halafu anamaliza kabla ya wenzake wanaokimbizana na kisu. Alishabikia mpira kupita kiasi. Siku ya mechi kubwa ya watani wa jadi hakuna aliyethubutu kusimama kati yake na televisheni. Editha alianza kumtazama kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu wanayemhusudu. Hata namna alivyofunga mlango: alikishika kitasa mpaka mlango ulipotulia, ndipo akakiacha.

Nyumbani, Editha alichagua ukuta wa chumbani, kati ya kabati na ndoo ya maji. Kila alfajiri alikaa pale kabla mtoto wao Asifiwe hajaamka kwa ajili ya shule. Gibson alivumilia siku kadhaa. Kisha akaja akasimama na mswaki mdomoni.

"Mama Asifiwe, naomba nikuulize bila ugomvi. Ukuta huo una nini?"

"Hauna kitu."

"Sasa unautazama wa nini?"

"Kwa sababu hauna kitu. Mie ndiye ninayekuja nacho."

Gibson, mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Mbeya, hakupenda jibu hilo. Alifikiria kumwita mchungaji. Lakini ni karani, na karani hufuatilia mambo yanavyokwenda kabla ya kutoa taarifa. Akafuatilia. Aliona wali haushiki tena ukoko. Aliona kwamba akimsimulia mkewe habari za bohari, anaulizwa swali linalohusu bohari. Jioni moja alieleza ugomvi wake na bosi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza aligundua kwamba kwa muda wote huo Editha hakutazama pembeni. Mchungaji hakuitwa. Gibson alitoa ile ndoo chumbani, ili mkewe apate nafasi ya kunyoosha mguu.

Editha alirudi kwenye filimbi polepole, kwanza mechi za watoto, kisha za maveterani wenye vitambi. Siku moja Sista alikuja kumtazama, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akila karanga. Mechi ilipoisha Editha akamfuata mbio.

"Vipi, Sista?"

"Unakimbia vizuri. Ila ile faulo ya kipindi cha kwanza, uliipuliza mara moja kwa mdomo, halafu ukaendelea kuipuliza kichwani mpaka mapumziko. Nilikuwa nakuona. Mabega yako yalikuwa bado kule."

"Nilikuwa nahofia nimekosea."

"Inawezekana ulikosea. Ukigundua umekosea na bado pana nafasi ya kurekebisha, rekebisha. Kama nafasi imepita, imepita. Vyovyote vile mpira unaokuja haujafanya kosa lolote. Kwa nini uutazame kwa jicho la uliopita?"

Msimu uliofuata yakaja mashindano mengine, na fainali ikaangukia Kokoto FC dhidi ya Mwembeni Rangers. Refa aliyepangwa alipatwa na homa asubuhi ya mechi. Gervas alimpigia Editha akihema.

"Mwalimu, sina mtu. Najua ni Kokoto. Najua watu hawajasahau."

"Nakuja."

Hawakuwa wamesahau. Alipoingia uwanjani upande wa Rangers ulimpokea kwa wimbo: "Refa wa Kokoto! Refa wa Kokoto!" Spika za singeli zilipigwa mpaka mchanga ukawa unaruka. Editha alikagua nyavu, akasalimiana na wasaidizi wake, mmoja akiwa Farhan, kijana mtulivu wa Temeke ambaye kibendera chake hakikuwahi kuinuka kwa uoga. Akapuliza, mpira ukaanza.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili, katikati, mshambuliaji na nahodha wa Kokoto, Didas, aliingia kwenye boksi kwa kasi. Beki akateleza kumkabili. Ukasikika mlio, mguu dhidi ya kitu, na Didas akaenda chini akipiga yowe. Editha akapuliza na kunyoosha mkono kwenye alama. Penalti.

Upande mmoja ulilipuka kwa furaha, mwingine kwa matusi. Na katikati ya kelele hizo Editha aligundua jambo moja wazi kabisa: alikuwa amesikia, hakuwa ameona. Mwili wa beki ulikuwa umemziba. Alikuwa amepuliza kwa sikio.

Zamani angebaki na siri hiyo na kuitafuna mpaka mwisho wa mechi. Safari hii alitazama mpira; ulikuwa bado haujawekwa kwenye alama. Nafasi ipo. Akanyoosha mkono, akawazuia wote, akatembea bila haraka hadi kwa Farhan.

"Umeona nini?"

"Mpira kwanza, Mwalimu. Beki aligusa mpira, safi. Halafu jamaa akajirusha."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa mbele yao. Hata vumbi niliona limetokea wapi."

Editha akarudi ndani, akapishanisha mikono hewani. Hakuna penalti. Akamdondoshea kipa mpira ili mchezo uendelee.

Hapo ndipo dunia ilipomwangukia. Benchi zima la Kokoto liliingia uwanjani. Chupa za maji ziliruka. Didas alimjia hadi pumzi yake ikamfikia usoni, mishipa ya shingo imesimama.

"Umepuliza! Umepuliza mwenyewe, kila mtu amesikia! Unaogopa wale wanaokuimba?"

"Nimepuliza, na nimekosea," Editha alimwambia. "Hakukuwa na kosa. Waambie wenzako watoke tuendelee."

Hakupaza sauti. Didas akarudi nyuma hatua moja. Katika maisha yake ya mpira hakuwahi kusikia refa akisema maneno hayo. Jambo la kubishana naye likawa halipo. Wazee wa kamati wakawatoa watu, mchezo ukaendelea.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa haujaja. Ulikuja mwishoni kabisa. Kona ilipigwa upande wa Rangers, wachezaji wakaruka, na Editha, aliyekuwa amesimama pazuri, akaona mkono wa beki wa Rangers umekamata jezi ya Didas kwa nyuma na kumvuta chini. Aliona vidole. Aliona kitambaa kilivyovutika.

Kila mtu uwanjani alijua maana yake. Akipuliza, watasema anafidia ile ya kwanza. Historia yake wanayo. Asipopuliza, atapongezwa kwa msimamo, na nusu ya uwanja itambeba juu. Mawazo hayo yote yalikuwepo. Aliyaona yanapita kama watu wanavyopita barabarani. Lakini ile ya kwanza ilishajibiwa, imeisha. Hii ilikuwa nyingine, na kwenye hii jezi ilivutwa.

Akapuliza. Penalti.

"Anafidia! Si tulisema!" Rangers walipiga kelele. Wa Kokoto nao, badala ya kushukuru, walimzomea kwa kuchelewa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uwanja mzima ulikuwa kitu kimoja, umeungana dhidi yake. Farhan, kule pembeni, aliinamisha uso kuficha kicheko.

Didas akapiga yeye mwenyewe. Kipa akaufuata, akaupangua. Mechi ikaenda kwenye matuta ya penalti, na Rangers wakachukua kombe. Kwa hiyo Kokoto walimlaumu, na Rangers, waliokuwa tayari wanarukaruka na ngoma, hawakukumbuka kumsamehe.

Alikuwa amekaa kwenye benchi akifungua kamba za viatu wakati Didas alipokuja, kichwa chini, kitambaa cha unahodha bado mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole kwa matokeo."

"Asante. Ile ya kwanza nilijirusha. Najirushaga sana. Waamuzi wengi wanajua, ila wakishapuliza hawarudi nyuma." Akakuna shingo. "Ile ya pili ungeacha nisingekulaumu. Ulipuliza vipi, na kelele zote zile?"

"Alikuvuta jezi."

"Basi?"

"Basi."

Didas alitikisa kichwa taratibu, akampa mkono, akaenda.

Jumamosi Editha alifika Kawe mapema kuliko wote. Alikuwa na hadithi kifuani na haikuweza kungoja chai. Alimsimulia Sista pale mlangoni, kwa mikono na miguu; alikuwa beki, alikuwa Didas, alikuwa chupa za maji. Alipofika kwenye penalti ya pili Sista alipiga makofi kwa nguvu hadi babu Kornelio naye akapiga, bila kujua ni kwa ajili ya nini.

"Safi sana!" Sista alisema macho yakimeremeta. "Nimefurahi, mwanangu. Kweli nimefurahi. Haya, sasa iache na hiyo."

Editha alishusha mikono. "Hata hii, Sista?"

"Hata hii. Hii ndiyo nzito zaidi. Makosa tunataka wenyewe kuyatua. Ushindi tunaulea."

Na kweli. Asubuhi ile, mbele ya ukuta, hakusumbuliwa na "nenda kapike" wala na moshi wa bodaboda. Alisumbuliwa na sauti yake mwenyewe ikisema *nimepuliza, na nimekosea*, vizuri, kwa ushujaa, tena na tena, kila mara kwa maneno mazuri zaidi kuliko aliyoyasema siku ile. Alijikamata akitabasamu kwenye rangi ya ukuta. Alicheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika, na yule nesi wa pembeni akakohoa.

Jumatatu, saa ya michezo, wasichana wa darasa la tano walikuwa wameshaanza mpira bila kumngoja na walikuwa wanagombania mpira wa kurusha. Kila mmoja alisema ni wake, na mmoja alikuwa ameukalia kabisa. Editha alitupa begi lake chini, akachomoa filimbi mfukoni, akawakimbilia.